Kupatwa kwa Mwezi, Kupatikana kwa Mkwe

Jua likipatwa huwa na adabu, huja mchana. Septemba 1, 2016 watu walijazana Rujewa, kule Mbarali, wakiwa wameshakunywa chai. Mwezi haujali chai ya mtu. Ule wa Septemba 28, 2015 ulianza kumegwa saa 10 na dakika 7 usiku, tena Jumatatu.

Nilikuwa ukweni, Oldonyo Sambu. Kwa kutazama mwezi panafaa: Mlima Meru uko nyuma, magharibi ni peupe kuelekea Monduli, na taa ni za kuhesabu. Tatizo upepo. Unabeba vumbi la barabara ya Namanga usiku kucha na kulimwaga masikioni mwa yeyote asiyelala.

Nikajifunika shuka gubigubi, nikasimama kando ya zizi, ndipo upepo ulipopungua kidogo. Hebu pima mwenyewe: dume zima, gizani, karibu na ng'ombe wa watu, haliendi wala halirudi. Mbwa walishakata shauri. Baba mkwe akatoka na tochi na rungu.

"Nani wewe?"

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini kwa ng'ombe?"

"Naangalia mwezi."

Akawamulika ng'ombe, akawahesabu wote. Kisha akanimulika mimi.

"Kwani kwenu Tanga mwezi hakuna?"

Nikamweleza kwamba dunia imeingia katikati, imeuzibia mwezi jua. Alisikiliza kwa uvumilivu, rungu likiwa bado begani. Saa 11 na dakika 11 mwezi ukamezwa wote, ukawa mwekundu kama udongo wa shambani.

"Vumbi hilo," akasema.

Hakuwa mbali na ukweli. Wekundu ule ni mwanga wa jua unaopinda ukipita kwenye hewa yetu, na volkano kubwa ikitapika vumbi la kutosha juu angani, mwezi uliopatwa huiva zaidi. Meru wenyewe ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Nikanyamaza, mkwe habishani na mwenye rungu.

Kulipopambazuka, mwezi ukiwa bado umepatwa na unazama, majirani walishafika na fimbo zao kwa kelele za mbwa. Wakauliza mwizi kakimbilia wapi.

"Hakuna mwizi," akasema mzee. "Ni mkwe wangu. Alikuja kuangalia mwezi."

Hakuna aliyegeuka kuutazama. Walinikagua mimi, toka kichwani hadi miguuni, kisha mmoja mmoja wakamshika mkono baba mkwe, wakampa pole.