Barua kutoka Ankara: Mtunza Viatu vya Mataifa

Kwa Mjomba, Shangazi na jamaa zangu wote wa Chumbageni, Tanga.

Ijapokuwa baridi ya Aprili ya huku haina adabu kwa mtu aliyezaliwa pwani, napenda kuwahadithia habari ya kazi niliyoipata, yenye jina kubwa na isiyo na ujira: nimekuwa mhudumu wa kujitolea katika sikukuu ya watoto.

Tarehe 23 Aprili 1920 Bunge Kuu la Waturuki lilifunguliwa katika mji huu, na Mustafa Kemal Atatürk akawatunukia watoto siku hiyo. Basi kila mwaka ikiwadia, mtoto wa shule huketishwa katika kiti cha waziri, akaulizwa mambo ya dola, naye aghalabu hujibu kwa ufupi kuliko mwenye kiti. Mwaka 1979 shirika lao la utangazaji, TRT, likaanza kualika watoto wa nchi nyingine waje kucheza ngoma zao na kulala majumbani mwa wenyeji, na miji kadhaa ikafuata mfano huo.

Ama mimi, maadamu ni Mwafrika, wakuu wa shughuli walikwisha kuamua kabla ya kuniuliza kwamba nimezaliwa na ngoma mkononi. Nikawaeleza kwa taadhima kuwa babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo, na kwamba ngoma kwetu ilisikika ikitoka kwa jirani tu. Wakaniitikia kwa bashasha, wakanikabidhi ngoma. Walipokwisha kunisikia, wakanihamishia kwenye viatu.

Msidhani kazi hiyo ni duni. Katika nyumba ya Mturuki hapana avukaye kizingiti na viatu vyake. Mgeni hupewa ndara, na vya kwake hubaki mlangoni. Sasa fikirini kundi zima la wavulana wa Jojia, ambao hucheza wakisimama juu ya ncha za vidole ndani ya buti laini za ngozi, zote nyeusi, zote sawasawa, wakialikwa chai mahali pamoja! Wakati wa kuondoka nilisimama nimeshika buti mbili, zote za kushoto, mpaka mmoja wao, mdogo kuliko wote, alipoketi chini akanusa moja baada ya moja kwa utulivu wa mnunuzi wa karafuu, akaitambua ya kwake, akavaa, akaenda zake. Wengine wakaiga, na mimi nikakosa kazi.

Hotuba za udugu wa mataifa zilikuwa ndefu, na wakalimani walitoka jasho. Lakini nyuma ya jukwaa mtoto wa Kirigizi, mwenye kofia nyeupe ya sufu iliyochongoka, alikuwa akipatana kwa vidole na mtoto wa Kituruki juu ya mshipi mwekundu, na kabla mkalimani hajafika biashara ilikwisha. Ikaenea, hata vikundi vilipoitwa ikawa Mkirigizi amevaa kizibao cha Kituruki na Mturuki amevaa kofia ya Kirigizi. Walimu walihamaki mno. Kwa rai yangu, katika sikukuu nzima ya kubadilishana utamaduni, hao peke yao ndio waliobadilishana chochote.

Nami, ili nisionekane bure, nikawafundisha ukuti, ule mchezo wa watoto wa kwetu. Ilipofika mahali pa kutetemeka, watoto wa pwani ya Bahari Nyeusi, ambao ngoma yao ya horon imejaa mitikisiko ya mabega, walitetemeka hata nikaona haya kuitwa mwalimu.

Basi, Mjomba, ukimpata msafiri ajaye huku, tafadhali mpe kofia mbili tatu za kushonwa kwa mkono, za kipimo cha kichwa cha mtoto, maana nimekwisha kuahidi. Na moja iwe yangu, kwa sababu ile uliyonivika siku ya safari sasa iko Bishkek, kwa Wakirigizi.