Theluji ya Kisangani

Hatua ya kwanza pembetatu, ya pili pembetatu nyingine chini yake, ya tatu theluji: ndivyo nilivyowafundisha watoto wadogo kuchora mti wa Noeli hapa Kisangani, mji unaotengwa na mstari wa Ikweta kwa nusu digrii tu, ambako barafu hujulikana kwa fadhili za friji, pindi umeme ukijaaliwa kuwapo.

Wakatii kwa adabu, maana rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe haimchoshi mtu. Ila mmoja, ambaye hatua zangu hazikumwingia akilini, alizirefusha pembetatu zake hata zikawa nguzo, akazifunga kamba, akatundika madema makubwa ya fito, kisha akamwaga chini yake maji ya buluu yenye ghadhabu. Nikaitambua mitego ya wavuvi Wagenia, iliyokuwa mtoni kabla mpelelezi Stanley hajawasili mwaka 1877, na kabla mji haujatwikwa jina lake.

Nikamsaili, kwa sauti ya kadhi, theluji i wapi.

“Si hii, Mwalimu?” akajibu, akinionyesha povu la maporomoko.

Nikampa sita juu ya kumi, kwa kuwa aliiruka hatua ya pili.