Kigari cha Bwana Mkubwa

Binamu yangu aliyehamia Marekani ametutumia picha kutoka Disney World, Florida: mwanawe wa miaka 7 kaketi kwenye kigari cha kusukumwa, magoti yanakaribia kidevu. Tangu Mei 2019 bustani hiyo haipokei vigari vinavyozidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132. Nadhani kuna waliokwisha kuleta vitanda. Kwetu Uvira mtoto wa umri huo ndiye kigari chenyewe. Jumapili nilimkuta mmoja Kalundu, mdogo wake mgongoni ndani ya kitenge, beseni la ndagala kichwani, akikwepa pikipiki. Nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa huruma: "Pole yake. Papa, huyu alivunjika miguu lini?"