Michembe ya Madam Mavis

Ukitaka kumtambua mtu aliyesoma kozi ya kompyuta Nyakato, Mwanza, zama zile, usimwombe cheti. Mwombe aweke mikono juu ya meza. Bila kufikiri atakunja viganja kidogo, atatandaza vidole vinane kwa mstari, atayaacha magumba yakielea, kisha atakutazama usoni. Mikono hataitazama, maana kutazama mikono ilikuwa dhambi. Vijana wa leo huandika kwa magumba tu, tena kwa kasi ya kutisha, lakini hawakukatazwa kitu chochote, ndiyo maana hawana cha kusimulia.

Mimi nilipelekwa kozi mwaka 2006, nikisubiri matokeo ya darasa la saba. Mtoto wa Nyakato katika kipindi hicho alikuwa na njia mbili: kuuza maji na karanga kwenye mabasi ya Musoma pale Buzuruga, au kukaa nyumbani na kutumwa mpaka jioni. Mama akabuni ya tatu. Alikuwa amesikia sokoni kwamba dunia inahamia kwenye kompyuta, na hakutaka ihame mwanawe akiwa amebaki kulinda mizigo.

Kompyuta zenyewe zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata vituo vya televisheni Tanzania Bara tulivisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mashine hizo zilipopangwa kando ya barabara ya Musoma, katika chumba kilichokuwa duka la pembejeo na ambacho bado kilinuka dawa ya pamba, zilipewa heshima zote. Kila monita ilivikwa kitambaa cha kufuma. Viatu viliachwa mlangoni, kwa sababu tuliambiwa vumbi ndilo linaloleta virusi. Tuliingia pekupeku, na tulipotoka tulikuta wenzetu waliotangulia kutoka wameshajichagulia. Kuna siku nilirudi nyumbani na yeboyebo mbili za mguu wa kushoto, mama akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya kozi.

Mwenye kituo alijiita Mkurugenzi. Alikuwa pia katibu muhtasi, fundi, mlinzi na mpokea ada. Tulianza kwa kukariri ubaoni kwamba kompyuta ni mashine ya kielektroniki inayopokea taarifa, kuzichakata na kuzihifadhi, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitufe kabla ya kuisema fasili hiyo bila kusita. Tulipofuzu, Mkurugenzi alichomeka CD ya kuchoma iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, "MAVIS", akatoka kwenda kushughulikia biashara zake nyingine. Kuanzia hapo mwalimu wetu akawa Madam Mavis.

Waliowahi kupita kwenye vyuo vya namna ile, iwe Mwanza, Kisumu au Kampala, wanamjua. Programu ya Mavis Beacon Teaches Typing ilitolewa Marekani mwaka 1987 na kampuni ya The Software Toolworks, ikaenea duniani kote, kwa kununuliwa na kwa njia nyinginezo. Usoni mwake kulikuwa na mwanamke mweusi, nadhifu, anayetabasamu. Darasani kwetu kila kabila lilimdai. Wahaya walisema usomi ule hauwezi kutoka nje ya Bukoba. Wakurya walisema mtu anayejiamini hivyo lazima awe wa Tarime. Sisi Wasukuma tulinyamaza, tukijua kwamba upole wake unajieleza.

Upole huo ndio uliotuchanganya. Tulikuwa tumetoka shule ambako kosa la hesabu lilijibiwa kwa fimbo, na sasa tumepata mwalimu anayekuuliza jina, akalishika, kisha ukikosea anakueleza tu kwamba kidole chako cha pete kinahitaji mazoezi zaidi. Kiingereza chake hatukukielewa chote. Tulielewa kwamba hajakasirika, na hilo pekee lilitosha kumfanya mwanafunzi arudi kesho yake.

Tatizo lilikuwa idadi. Mashine zilikuwa chache, sisi tulikuwa wengi, ada imeshalipwa na hairudi. Mkurugenzi akapata ufumbuzi: kila kibodi ikaliwe na wawili, mmoja ashike upande wa kushoto, mwingine upande wa kulia. Kwa maneno ya Kiingereza ya Madam Mavis, ndoa hiyo ilivumilika. Tulipopewa barua za Kiswahili tuchape, ikavunjika. Herufi A iko kushoto kabisa, chini ya kidole kidogo, na Kiswahili bila A hakisogei. Wa kushoto alifanya kazi ya kibarua, wa kulia akawa msimamizi. Neno "dagaa" lote ni la mkono wa kushoto, pamoja na "sawa" na "taa". Wa kulia wakati huo alikuna kichwa na kufukuza nzi. Tena kibodi ilikuwa imetugawia hata lawama: "wewe" ni la kushoto tupu, "mimi" ni la kulia tupu. Mwenzangu wa kulia alikuwa na kasi ya ajabu ya kuandika "mimi".

Madam Mavis, ambaye hakujua kwamba tuko wawili, alichanganyikiwa kitaalamu. Kila ripoti aliyotoa ilimshangaa mwanafunzi mmoja mwenye mkono wa kulia wa mwanamichezo na wa kushoto wa mtu aliyechoka. Akapendekeza mazoezi ya mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa wa kushoto.

Ijumaa tulipewa mchezo wa mbio za magari. Gari lilikwenda kwa kasi ya uchapaji wako, na ulipokosea, mdudu alipasukia kwenye kioo cha mbele. Wanafunzi wa nchi nyingine nadhani walicheka. Sisi tuliona ni jambo la kawaida, kwani aliyewahi kupanda pikipiki kandokando ya Ziwa Victoria msimu vidudu vya ziwani vinaponyanyuka kama moshi anajua kwamba hao hawangoji ukosee.

Halafu kulikuwa na umeme. Mwaka ule ukame ulishusha maji kwenye mabwawa, mgawo ukaikumba nchi. UPS ilikuwa moja, nayo ilipoanza kulia, Mkurugenzi alipaza sauti kutoka popote alipokuwa, "Seivuni! Seivuni!" na sisi tukagombania mausi kama watu wanaookoa vyombo kwenye mafuriko. Mara nyingi tulichelewa. Umeme uliporudi, Madam Mavis alikuwa ametusahau. Aliuliza jina upya, kwa upole uleule, na kuturudisha kwenye somo la kwanza. Yupo mwenzetu aliyemaliza kozi nzima akiwa bado hajavuka mstari wa katikati wa kibodi. Cheti alipewa.

Mgawo ulipozidi, Mkurugenzi alichana maboksi ya sabuni, akachora kibodi kwa kalamu, akagawa. Tukachapa maboksi. Alipita nyuma yetu mikono mgongoni, na mara nyingine alisimama na kusema, "Hapo umekosea." Hatukujua ameonaje. Nasi hatukubisha, maana kwenye boksi kila mtu alikuwa na kasi nzuri.

Siku za umeme wa kutosha, somo la mausi lilifundishwa kwa karata. Kweli lilikuwa somo. Microsoft waliweka Solitaire kwenye Windows 3.0 mwaka 1990 ili watu wazoee kubeba kitu kwa mausi na kukiachia mahali pengine. Mchezo huo uliandikwa na Wes Cherry, kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi katika kampuni hiyo, na mirabaha hakuwahi kulipwa. Lakini habari hizo hazikuwa zimefika kwa mzee mmoja wa kanisa aliyepita dirishani akaona watoto pekupeku, kimya, wametolea macho jembe na kopa. Alisimama mlangoni akatuombea. Kisha akazunguka mtaani kuwaambia wazazi kwamba palipokuwa pakiuzwa dawa ya wadudu sasa panafundishwa kamari.

Mama aliposikia, aliniweka kitako.

"Nani hasa anawafundisha huko?"

"Madam Mavis."

"Mtu wa wapi?"

"Sijui, mama. Yuko ndani ya kompyuta."

"Anawachapa?"

"Hapana. Sisi ndio tunachapa."

Mama alitafakari. Mwalimu asiyegusa fimbo, na mwanawe anaamka mwenyewe alfajiri kumwahi! Kwa hesabu za mama, mtu huyo hakufundisha kamari. Mtu huyo alistahili kushukuriwa.

"Mama, nimekwambia yuko ndani."

"Hata kama yuko ndani, mchana si anakula?"

Kesho yake alifunga michembe kwenye kanga, ile ya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikakauka barabara, akaweka na karanga pembeni, akaenda mwenyewe mpaka kituoni. Alivua viatu kama wengine. "Mwangaluka," alisalimu, akaeleza kwamba mzigo ni wa Madam. Mkurugenzi aliutazama mzigo, akanitazama mimi, akaupokea kwa mikono miwili.

"Nitamfikishia, mayu."

Wiki iliyofuata mama alipita kuuliza kama mgeni alipenda. Mkurugenzi hakupepesa jicho. Alisema Madam amefurahi mno, ila ameona karanga zilikuwa kidogo. Mama akaongeza karanga. Baadaye ikajulikana kwamba Madam anapenda matobolwa pia, na kwamba huko alikotoka sato wa Mwanza ni adimu. Wazazi wengine nao wakaona aibu kubaki nyuma. Kozi ilipomalizika, Mkurugenzi alikuwa amenenepa, na mzee wa kanisa alikuwa ameacha kutuombea, kwa kuwa yeye naye alikuwa amepeleka kuku.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na mwaka huohuo Microsoft wakaizika Encarta, ile ensaiklopidia ya kwenye CD tuliyoruhusiwa kuifungua siku ya mwisho wa mwezi. Intaneti ilikuwa imekula chakula chake. Kwangu ilikula jambo jingine. Nilipopata kasi ya kutosha nikamtafuta mwalimu wangu, nikaambiwa kwamba hayupo, na hajawahi kuwapo.

Mavis Beacon ni mtu wa kubuni. Jina la Mavis wabunifu wake waliliazima kwa mwimbaji Mavis Staples. Sura waliipata dukani: mwaka 1985 mmoja wao, Les Crane, alimwona Renée L'Espérance, mwanamke mzaliwa wa Haiti, akiuza manukato katika duka la Saks huko Beverly Hills, wakampiga picha. Programu ilipotoka, baadhi ya wauzaji walisita kuweka madukani boksi lenye uso wa mwanamke mweusi. Lakini ikauzwa mamilioni ya nakala. Renée, kwa maelezo yanayorudiwa mara nyingi, alilipwa dola 500 za picha, basi. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya Jazmin Jones, Seeking Mavis Beacon, yenye kazi ya kumtafuta, kwa sababu alikuwa amejitenga na macho ya watu.

Baadaye kufundishwa na mashine kukapata utaratibu. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti za kuchajiwa kwa jua kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Nawapongeza wote. Watoto wa Tanga walipata kila mmoja skrini yake na mikono yake yote miwili, na waliowatengenezea masomo wakalipwa.

Waliotufundisha sisi walipata nini? Wes Cherry hakupata mirabaha. Renée L'Espérance alipata malipo ya siku moja. Na Nyakato, tuseme ukweli, ilichangia CD iliyochomwa na kalamu ya kuandikia juu yake. Nilijaribu kumweleza mama haya yote, juzi, tukiwa tumekaa barazani anachambua dagaa. Nikamweleza Haiti iko wapi, duka la manukato lilikuwaje, sura inavyoweza kwenda duniani mwenyewe akabaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo Madam hakuwemo mle ndani."

"Hakuwemo, mama."

"Sasa ile michembe alikula nani?"

Nikamtajia. Mama akakung'uta ungo, akasema Mkurugenzi anamfahamu kwake, deni hilo atalifuata mwenyewe Jumamosi. Mimi nimepewa kazi nyepesi zaidi: kutafuta anuani ya yule binti wa Haiti, na kuuliza posta kama michembe inaruhusiwa kusafiri.