Fuma wa Mama Mkwe

Tangi lilipoingizwa sebuleni, mama mkwe alilizunguka mara mbili akipapasa kioo. "Bahari ina Mwenyewe anayeilea, wanangu," alisema. "Hii mtailea nyinyi."

Lilikuwa la lita 200, tumelinunua kwa hoteli iliyokuwa inauza vitu vyake. Mume wangu akachota maji ya bahari kwa madumu, tukatia mchanga, mawe ya matumbawe makavu na samaki wadogo wanne. Miezi miwili tulikuwa tunakula chakula cha usiku tukilitazama. Wa tatu ikaja kijani: nyuzinyuzi laini kama nywele, zimeshika mawe yote. Nikizisugua leo kwa mswaki, siku ya tano zimerudi.

Mume wangu alikuwa amesoma habari za bahari ya Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa ulianzia Panama ukaua fuma weusi, wale viumbe wa miiba wanaokula majani ya baharini, zaidi ya tisa katika kila kumi, na matumbawe yaliyobaki bila mlaji huyo yakafunikwa na majani. Akaona dawa yetu ni fuma.

Mama mkwe hakufurahi. Yeye ni mkulima wa mwani wa Paje, miongoni mwa wanawake walioanza kilimo hicho kilipoingia Unguja mwaka 1989, na nyayo zake zina makovu ya miiba ya fuma. Lakini fuma akaletwa, mweusi, miiba mirefu kuliko vidole vyangu. Mchana alijibanza nyuma ya jiwe. Usiku alitoka, na asubuhi tulikuta njia nyeupe juu ya mawe, pale alipopita na meno yake matano yaliyo chini ya mwili. Niliyapenda sana yale meno. Yanakua maisha yake yote na kujinoa yenyewe kwa kukwaruza.

Siku ya sita mume wangu alitia mkono kuinua jiwe lililoanguka, mwiba ukamkatikia kidoleni. Alitaka sindano. Mama mkwe akamzuia, maana mwiba wa fuma ni kama chaki, ukiuchokoa unavunjika zaidi. Akachanja papai bichi, akapaka utomvu wake mara tatu usiku ule.

Wiki iliyofuata miiba ya fuma ikalala, kisha ikaanza kudondoka mmoja mmoja mchangani. Tulidhani ana njaa. Alfajiri moja harufu ikatuamsha: fuma amekufa, maji yamekuwa meupe kama tui, na samaki wako juu wanatweta. Tuliwahamishia kwenye beseni, mume wangu akakimbilia ufukweni na madumu. Wawili walipona.

Jirani yetu, mwalimu wa sayansi, alikuja na kipima chumvi. Bahari yetu ina kama gramu 35 za chumvi katika lita. Tangi letu lilikuwa na 43. Hapo nilikaa chini. Joto na feni vilikuwa vinakausha maji kila siku, na mimi kila siku nilijazia maji ya bahari. Yanayopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki, nami nikaiongezea nyingine. Ilitakiwa nijazie maji baridi yasiyo na chumvi. Samaki walivumilia; fuma hawezi. Nililia kwa ajili ya mdudu ambaye mwezi mmoja kabla sikumjali.

Na majani yalikuwa palepale. Ndipo mama mkwe akauliza nani anawalisha samaki. Mume wangu: mimi, kabla ya kazi. Mimi: adhuhuri. Binti yetu akasema kwa sauti ndogo, nami jioni. "Basi mnatia mbolea," akasema bibi yake. Chakula kilichobaki kilioza na kurutubisha zile nywele. Tangu siku hiyo ni mkono mmoja, mara moja, kidogo.

Maji ya bamvua yalipotoka, yeye mwenyewe alikwenda na mjukuu wake wakarudi na ndoo. Ndani mlikuwa na fuma mwingine, wa miiba mifupi, amejitwika majani na vipande vya kombe kichwani. "Huyu ndiye aliyekuwa akinilia mwani wangu," alisema, "kazi yake naijua." Safari hii tulimdondoshea maji ya tangi ndani ya ndoo kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, saa mbili nzima, ndipo tukamtia.

Kwa wiki tatu alimaliza mawe yote. Alijitwika makonokono, akajitwika vijiwe, na asubuhi moja tulimkuta anatembea na kipimajoto mgongoni, binti yetu akaita nyumba nzima. Kisha majani yakaisha, akawa anapanda na kushuka kioo usiku kucha, akikwaruza pasipo na kitu.

Mama mkwe alitoa mwani mkavu kwenye mfuko wake, akauloweka, akaufunga kwenye jiwe kwa fundo lile lile wanalofungia mwani kwenye kamba kule Paje. Akazima taa ya sebuleni, akavuta kiti karibu na kioo, akangoja aje.