Mahindi Yangu, Watoto Wao

Majani chai yangu hawayagusi. Nyani wanaotupandia kutoka vichakani upande wa Soin hukatiza katikati ya mistari ya chai, safi kabisa, hawavunji hata tawi, wakaenda moja kwa moja kwenye mahindi. Mwaka huu karibu kila jike ana kitoto kimemning'inia tumboni. Nilidhani ni baraka za Mungu tu, kumbe mfadhili ni mimi.

Uzazi wa nyani, sawa na wetu, hauanzii kule chini watu wanakofikiria. Unaanzia kichwani, kwenye kijisehemu cha ubongo kiitwacho hipothalamasi, ambacho huachilia homoni kidogo kidogo, karibu kila saa moja. Ernst Knobil na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, walilithibitisha hilo kwa kima wa Asia miaka ya 1970: homoni hiyohiyo ikimiminwa bila kupumzika, tezi ya pituitari inanyamaza, ikija kwa vipindi, inaamka na kuzichochea ovari. Ovari nazo hutoa estrojeni, na hapo jike wa nyani anavimba makalio, mekundu, yanaonekana toka ng'ambo ya bonde. Wajukuu wakiona, maswali yote ni kwangu. Bibi yao ghafla ana kuni za kupasua.

Lakini ubongo huo ni bahili. Kabla ya kuruhusu mimba, huuliza kwanza habari za tumbo. Amboseli, ambako nyani wanafuatiliwa tangu 1971, ukame ukikaza majike hushika mimba kwa shida. Ila kundi lililokuwa likijilia makombo ya jalala la hoteli ya watalii, majike wake walikomaa mapema na kuzaa kwa kufuatanisha. Makombo, jamani! Mimi nawapa mahindi mabichi, ya mbegu ya dukani, na mbolea ya deni juu yake.

"Baba Chebet," mke wangu akaniambia, "si uwakatie tu bima ya afya?"

Kitu kimoja kilinifariji kidogo. Wasomi wa hukohuko Amboseli waliokota kinyesi cha madume kwa miaka 9, wakapima homoni, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba dume mkuu ana testosteroni tele, ndiyo, lakini hata homoni za msongo zimemjaa kuliko namba mbili wake. Cheo kinamtesa. Basi juzi nikamkodolea macho mkuu wa kundi letu, kakaa juu ya nguzo ya ua, nikitafuta hayo mateso. Akapiga mwayo, akanionyesha meno yote, akatupa gunzi upande wangu. Namba mbili alikuwa ndani ya shamba, anachagua.