Jinsi ya Kuipatia Heller ya Bibi Cheti cha Uzuri

Kwanza kabisa, hakikisha sarafu yako haijawahi kupendwa na mtu yeyote. Mapenzi ya kwetu yana ndimu, majivu na stilwaya, na sarafu iliyopendwa hivyo kwa miaka sitini haina sura tena ya kuipeleka mbele ya wapimaji. Wanachotaka wao ni ile iliyodondokea nyuma ya kabati mwaka wa kwanza, ikasahaulika, ikaota weusi wake taratibu bila kusumbuliwa. Uvivu wa ukoo mzima, vizazi vitatu, ndio unaolipwa.

Yangu ilikuwa heller 20 ya mwaka 1916, ya shaba ya manjano. Upande mmoja taji, herufi D.O.A. na mwaka, upande wa pili thamani yake na herufi T, yaani Tabora. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, pesa kutoka Ujerumani haziji, basi Wajerumani wakaigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Shaba ilitoka popote ilipopatikana, hata kwenye maganda ya mizinga. Kazi ilikwenda mbiombio, kwa sababu Wabelgiji na askari wao wa Kongo walikuwa njiani, na Septemba ya mwaka huohuo wakauchukua mji. Ndiyo heller iliyotuachia neno hela. Kwa hiyo unapomwambia mtoto wako huna hela, husemi uongo, hata mfuko ukiwa umejaa shilingi.

Ndugu yake tajiri ni rupia 15 ya dhahabu, ile yenye tembo aliyeinua mkonga, iliyopigwa Tabora mwaka huohuo kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Huyo tembo huuzwa kwa maelfu ya dola. Kama bibi yako alikuachia tembo, mwongozo huu haukuhusu, tafuta wakili. Sisi wa shaba tuendelee.

Sasa nenda kwenye maonyesho. Makubwa ni ya Chama cha Wakusanya Sarafu cha Marekani, chama kilichoanzishwa mwaka 1891, ambayo kwa kawaida hufanyika Agosti na mara nyingi yamekuwa Rosemont, jirani na uwanja wa ndege wa O'Hare wa Chicago. Kuna mengine mengi madogo. Sarafu usiitie kwenye vifuko laini vya plastiki, maana vingine hutoa ute wa kijani unaoila. Fundo la pindo la khanga, alikoihifadhi bibi, si baya sana, ila ukilifungua mbele ya watu waliovaa lenzi shingoni watakutazama kama umeleta kuku.

Ukumbini jifunze lugha. Wapimaji hutumia ngazi ya namba 1 hadi 70, na majina ya ngazi hizo yalitungwa na watu wenye roho nzuri kupita kiasi. Sarafu ya namba 4 inaitwa Nzuri. Nzuri maana yake mfalme amebaki kivuli, pua hana, na maandishi unayasoma kwa imani. Namba 8 ni Nzuri Sana: sasa sikio linaonekana. Kwa hiyo mchuuzi akiishika sarafu yako na kusema kwa upole kwamba ni nzuri, mpe pole yako na uondoke. Heshima inaanzia 60, kwa zile ambazo hazikuwahi kununua hata kibiriti.

Ngazi hiyo ilianzia kwa William Sheldon, aliyeitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti za kale za Marekani. Alikuwa mwanasaikolojia, na umaarufu wake mwingine ulitokana na kuwapanga binadamu kwa maumbo ya miili yao, wanene huku, wembamba kule. Baada ya kufa kwake ikabainika kwamba alikuwa akibadilisha senti bora za jumuiya moja ya sarafu huko New York, anachukua nzuri na kuacha hafifu. Yaani mizani yetu sote tumeachiwa na mdokozi. Walau alijua kuchagua.

Halafu fomu. Kampuni kubwa ni mbili, PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC iliyofuata 1987, na katika maonyesho makubwa huweza kupima papo hapo. Papo hapo hupita kwa urahisi dola 100 kwa sarafu moja. Heller 20 nyingi za shaba huuzwa kwa makumi ya dola tu. Usipige hesabu hiyo ukiwa kwenye foleni, utaaibika. Fomu itakuuliza sarafu ina thamani gani, swali ambalo ndilo lililokuleta. Ukiandika kubwa, ada inapanda. Ukiandika ndogo na ikapotea, umelipwa ndogo. Ukitaka pia waandike ni aina ipi ya heller, maana wapo wanaozitofautisha kwa ukubwa wa taji na ncha za herufi L ya pili, jiandae kwa ada nyingine. Ya herufi L.

Wapimaji huitazama zaidi ya mmoja, kila mtu peke yake, bila kujua ni ya nani, na kila mmoja humaliza kwa sekunde chache. Hili liliniuma. Fundi saa wa Kariakoo angenipa heshima ya kuikodolea macho nusu saa hata kama hajaelewa kitu. Kisha sarafu hufungiwa katika kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Wapo wanaolivunja kwa nyundo, wakairudisha sarafu ileile na kulipa upya, wakitumaini leo wapimaji wameamka vizuri. Na tangu 2007 ipo kampuni inayowapima wapimaji: ikiridhika na namba, inabandika kijikaratasi cha kijani juu ya kasha. Nasubiri atakayekuja kukikagua kijikaratasi.

Yangu ilirudi bila namba. Lebo ilisema ni halali, ya Tabora, 1916, na chini yake kwa herufi ndogo: imeoshwa.

Nilimpigia shangazi Tabora kwa video, nikalisogeza kasha kwenye kamera, nikamsomea neno kwa neno.

"Wameandika hivyo? Imeoshwa?"

"Ndiyo, shangazi."

Akageuka akamwita mjomba aje aone. "Njoo usikie. Marekani wameandika kabisa kwamba mama alikuwa msafi."